Pudre ku kichwa ya nkambo yako

Mujukuu wangu Ilunga, jambo. Huku Kampemba tuko bazima, dada yako alizaa.

Unauliza utarudia namna gani ku nyumba, juu ulianguka egzame, ule mutihani ya kuwa enjeniere.

Wakati ya Zaire nkambo yako, bwana yangu, naye alifanya ile egzame. Siku ya majibu akarudia na pudre, ule unga mweupe ya batoto, ku kichwa, sawa vile banamwangiaka benye kupita. Nikapiga vigelegele, majirani bakajaa.

Akaniambia pole-pole: «Mama Kazadi, miye nilianguka. Barafiki benye kupita njo banikumbatia, pudre yabo ikanishika.»

Nikachanganyikiwa: nimupanguse, ao nimuache? Majirani banaimba. Yeye akaanza kucheza nabo.

Mpaka leo siyue ile dansi ilikuwa ya nini. Lakini alirudia kwake, hakubakia mu njia. Na weye rudia, mwana. Kopo ya pudre yenye nilitayarisha juu yako nitaichunga, mpaka siku utapita.