Madebe Yamenyamaza Dakawa

Winfrida uko wapi? Pokea simu! Haya, basi soma. Bhavik katuaibisha. Mume gani huyu nimeolewa naye!

Si unamjua na kamera yake mpya? Asubuhi kaenda Dakawa kupiga picha bata maji wakiruka kwenye majaruba ya mpunga. Kamkuta mama mtu mzima anaamia ndege, anagonga debe kuwafukuza wasile mpunga. Kampa shikamoo, halafu akamwambia, "Mama, nyamaza kidogo, waache watue."

Waache watue! Kwenye mpunga ulioiva!

Na mama wa watu akanyamaza. Bata wakatua, wakala weee. Bhavik akipunga mkono, mama anagonga debe, kundi linaruka, anapiga picha. Wakitua tena, kimya. Asubuhi nzima! Yeye akajua mama kafurahia tu picha.

Anafunga kamera, mama akamuuliza, "Baba, sasa nyie wa kilimo mmeona hasara yetu. Msaada unakuja lini?"

Winfrida, mama alidhani Bhavik katumwa na serikali kupiga picha za hasara!

Unajua kajibu nini? Aibu ilimbana, akasema, "Hivi karibuni, mama." Hivi karibuni!!

Mama akawageukia majirani, akapaza sauti: "Acheni kuamia! Wa kilimo wamefika, waacheni waone hasara!" Madebe yakanyamaza shamba zima. Bhavik huyoo, kaingia kwenye gari.

Sasa kakaa sebuleni, kashika kichwa. Nimemwambia arudi akaseme ukweli. Anasema anaona haya.

Anaona haya, na huko bata wanakula.