Jinsi ya Kutamka Llanfair

Mjukuu wangu Neema,

Sisi hapa Etterbeek, Brussels, hatujambo, na goti la bibi yako linaendelea vizuri. Umeniandikia kwamba huko Wales watu hucheka ukitaja kijiji unachoishi, Llanfair, na sasa unamwonyesha dereva wa basi jina hilo kwenye simu bila kusema neno.

Nimefungua vitabu. Llan ni kanisa. Fair ni Maria. Kwao Maria ni Mair, ila baada ya Llan ile M imegeuka F, nayo husomwa V. Sisi tunasema mtoto, kisha watoto, wala hatushangai. Kwa Ll, weka ulimi kama wa L, kisha puliza hewa pembeni.

Nilipofika Brussels nikiwa kijana, nilifundishwa kwamba X ya Bruxelles, jina la mji huu kwa Kifaransa, husomwa S. Nilikuwa naishi mtaa wa Ixelles, kwa hiyo nikamwomba dereva anishushe "Isel". Abiria wakaangua kicheko: "Iksel, monsieur! Iksel!" Tangu siku hiyo nikawa natembea kwa miguu, hata kwenye mvua, hadi mama mwenye nyumba niliyopanga, mzaliwa wa Lubumbashi, aliponiuliza sababu.

"Donc unalowana juu ya herufi moya?" akasema kwa Kiswahili cha kwao, kilichochanganyika na Kifaransa. "Balicheka, lakini balikushusha wapi?"

"Iksel, maman."

"Bon. Balikusikia."

Nipigie Jumapili, unitamkie Llanfair. Nitacheka kidogo, nawe usikate simu.

Babu yako