Feza, Tulikimbia na Tumbo Tupu

Mudogo yangu Feza, wewe uliye ng'ambo ya maji kule Kilwa ya Congo,

Nimepiga simu yako mpaka kidole kinauma, haipatikani. Nimetuma salamu kwa mutu wa boti, akarudi akasema alikuona sokoni, akataja jina langu, ukageuza uso. Bon. Ndipo nikaona niandike barua ya wazi, kila mutu aisome, upande huu wa ziwa Mweru na upande ule. Wewe unanijua: kila kitu nilichojivunia, nilijivunia mbele ya batu. Basi na hii, ambayo si ya kujivunia, nayo niiseme mbele ya batu.

Na usicheke mwandiko wangu. Masomo niliacha darasa la sita, lakini dunia ilinichukua ikanimalizia. Nimefika Lubumbashi mara saba. Kasumbalesa pale mpakani wananijua mpaka mbwa. Nakonde nimekula wali na watu wa Tanzania, wakaniuliza kama mimi ni mwalimu. Sikukataa.

Unakumbuka namna ilivyoanza? Haikuanza na muchezo. Ilianza na beseni. Asubuhi pale Kashikishi, boti za chisense, dagaa wetu wa ziwa, zikirudi na taa zao zimezimwa, hakuna anayejua zitatua wapi, na mama wa kwanza kutia beseni yake ndani ya boti ndiye ananunua wa kwanza. Wengine walikuwa wanatembea. Sisi wawili tuliotoka Congo tukaanza kukimbia. Wewe na miguu yako ya korongo, mimi na makalio yangu ya biashara, muchanga unaruka nyuma yetu, bamama wanapiga kelele: "Ba Congo banakuja! Vuteni beseni!" Wewe ulikuwa unatia yako, halafu unavuta yangu kutoka mukono wangu na kuitia pia, kabla sijafika. Niliambia batu wote kwamba tunafika pamoja. Uongo. Ulikuwa unanisubiri.

Na sheria ya pili ya pale bandarini unaijua: mama hali kitu kabla boti haijamwagwa. Wanasema ukila mbele ya samaki kutoka, beseni yako italala tupu. Hata chai. Hata ndizi moja. Sisi tuliishika hiyo sheria kama batoto ya katekisimu.

Halafu ikaja ile miezi serikali inafunga ziwa ili samaki zizae. Boti zimelala kifudifudi kwenye muchanga, bamama wanasukana nywele, mimi nimekaa mulangoni natukana jua. Ukaja.

"Yaya, miguu inaniwasha," ukasema, maana kwetu dada mukubwa ni yaya.

"Paka mafuta."

"Si hivyo, yaya. Tukimbie."

"Tukimbie kwenda wapi? Boti iko wapi?"

"Haiko. Tukimbie tu."

Ndiyo siku ile tulishika barabara ya Chienge, mpaka kanisa la bati ya bluu na kurudi. Nilifika nyumbani nikalala chini sebuleni kama gunia, na nikiwa palepale chini nikaanza kumwambia jirani kwamba kesho nitaenda mbali zaidi.

Tulijifunza kila kitu kwa maumivu, wewe na mimi. Viatu ulivitoa kwenye salaula, ukachimba lile rundo la nguo za muzungu nusu siku nzima, ukaibuka na raba za mwanaume, moja kubwa kuliko mwenzake. Tukajaza vitambaa mbele. Kucha zangu mbili zikawa nyeusi zikadondoka, nikazionyesha sokoni kama medali. Wewe ndiye uliyegundua kwamba kiatu kiache nafasi ya kidole kimoja mbele, basi, na kamba ifungwe kwenye kifundo ili muguu usiteleze. Ulikuwa na akili ya vitu vidogo. Mimi nilikuwa na mudomo.

Na kifua! Sidiria ya sokoni haikujua kama mimi ni mutu wa mbio. Ilikuwa inakwenda Chienge na mimi nakwenda Nchelenge. Ukakata kitenge cha zamani, kipande kirefu, ukanizungushia kifua mara tatu juu ya sidiria, ukaweka goti lako mugongoni mwangu ukavuta. "Pumua, yaya." Nikapumua. Ukafunga fundo. Halafu mimi nikakufunga wewe. Na mafuta ya mugando chini ya matiti na katikati ya mapaja, mengi bila aibu, kwa sababu jasho likikauka ni chumvi, na chumvi inakata kama wembe. Hakuna mutu aliyetuambia hayo. Tuliyajua siku tulipooga tukapiga kelele, wewe bafu yako, mimi bafu yangu, jirani wakafikiri nyoka.

Juu ya kaptula tulivaa vitenge mpaka tutoke mujini, halafu tunavifunga kiunoni. Wale babwana wa baiskeli pale njia panda walitungojea kila siku.

"Bamama, kiboko iko nyuma yenu?"

"Hapana, bibi yako iko mbele, anakukimbia!"

Nilijibu mimi. Wewe ulicheka mpaka ukashika mbavu, na ulipocheka ulikimbia vibaya, mikono huku na huku. Hata zile siku zako za mwezi hatukusimama. Taulo ya zamani imekatwa na kushonwa, pini mbili, kitenge cheusi, nyingine safi ndani ya plastiki mukononi mwangu. Ukihitaji kubadilisha, mimi nasimama barabarani natanua kitenge kama pazia, naimba kwa sauti ili anayepita aniangalie mimi.

Sasa nifike pale ambapo sitaki kufika.

Boti hazikuwepo, Feza. Hakuna samaki, hakuna beseni, hakuna sheria. Lakini tumbo tulilifunga vilevile. Wewe uliuliza kama sasa tunaweza kula mbele ya kukimbia, mimi ndiye niliyejibu. Ulikuja na kiazi kitamu cha kuchemsha ndani ya leso, ukakigawa mara mbili, nikakunyang'anya vipande vyote viwili. Nikasema: "Mutu wa mbio anakula akimaliza. Umeona wapi gari linapakiwa muzigo mbele ya mulima?" Nikasema kwamba Lubumbashi wanafanya hivyo. Feza, Lubumbashi sijaona mutu hata mumoja akikimbia, isipokuwa mwizi.

Tukirudi ulikuwa unatetemeka, midomo imepauka. Nikasema ni mafuta yanaungua. Jioni nikakuambia ukate bukari yako, ugali wako wa siku nzima, nusu, na nusu ile ukate tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nakula kwa siri, nitasema ukweli wote leo, kalanga zilikuwa mfukoni. Mwili wangu ulikuwa na akiba. Wako haukuwa nayo. Ukawa mwepesi, kweli. Kwenye mbio za bamama uwanjani pale kanisani ukawaacha wote, na mimi nikarukaruka: "Ni kazi ya mukono wangu! Ni mimi nilimutengeneza!"

Damu ikakosa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ukaja kuninong'oneza, macho yanang'aa, na ulikuwa umekwisha kumwambia bwana yako, naye akaanza kukubebea maji, mwanaume mzima na ndoo kichwani. Miaka mitatu ya ndoa mulikuwa munangojea mutoto. Mwezi wa tatu ukaenda kliniki kupima.

Nilikuwa nageuza chisense juani, bamama wengi pale, ukasimama karibu yangu na kusema polepole: "Yaya, haiko mimba. Na damu haiko."

Nilipaswa kuacha samaki. Nilipaswa kukushika. Badala yake niliona bamama wameinua vichwa, na unajua mimi nikiona batu wananiangalia ninavyokuwa. Nikapaza sauti: "Damu ikisimama, ndiyo mwili imekuwa injini! Shukuru Mungu, umepunguza kufua!"

Wakacheka wote. Nilikuangalia nikingojea na wewe ucheke.

Halafu mama mukwe wako akavuka maji kutoka Kilwa. Alikuja moja kwa moja bandarini, mikono kiunoni. "Nani alifundisha mutoto yangu kukausha tumbo na mbio?" Bandari nzima ikaniangalia mimi. Wewe ulikuwa nyuma yake, umeshika kona ya kitenge chako. Na mimi, mwenye mudomo unaosikika mpaka kisiwa cha Chisenga, nikasema: "Mama, miguu ni yake. Mimi sikumubeba."

Ni hayo tu. Kesho yake ulipanda boti.

Sasa nitakuambia namna ninavyoishi. Kitambaa cha kifua nakifunga peke yangu: nimepiga musumari kwenye mulango, natundika ncha moja, najizungusha kama kuku aliyefungwa kamba mpaka kimekaza. Mara nyingi fundo linafunguka hata sijafika njia panda. Wale babwana wa baiskeli walipiga kelele siku za kwanza, nikajibu, hakuna aliyecheka upande wangu, wakaacha. Sasa wananiamkia tu kwa Kibemba cha heshima, "Mwapoleni, bamayo," kama mufiwa. Heshima hiyo inaniumiza. Nikipanda kile kilima kabla ya kanisa najivuna kwa sauti, naambia mbuzi mimi ni nani. Mbuzi wanaendelea kula. Zamani nilifikiri mimi ni mutu wa kuchekesha. Kumbe nilikuwa na wewe.

Na wiki chache baada ya wewe kwenda nikaanza kujiadhibu, nikaacha hata kalanga za siri. Nikaanguka. Palepale kwenye lami, mama mzima, kitenge huku, kiatu kule, goti limechubuka. Walinibeba kwenye baiskeli mpaka kliniki, na nesi, Mubemba mumoja mupole mwenye miwani, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Mama, asubuhi ulikula nini?"

"Mimi? Mimi ni mutu ya mbio. Hatukulaka."

Akanipa chai ya sukari, akangoja nimalize, akanipa nyingine. Ndipo nikamuuliza, bila kutaja jina lako, kuhusu mwanamuke anayekimbia sana na damu imepotea.

"Si mbio, mama," akasema. "Ni njaa. Mwili ukiona chakula inaingia kidogo na kazi iko mingi, inazima ile ya kuzaa kwanza. Inalinda moyo."

"Imekufa?"

"Nani amesema imekufa? Inangoja. Akule vizuri, apumuzike kidogo, aende kliniki bamupime, maana inaweza kuwa na sababu ingine. Mara mingi inarudia. Na kukimbia atakimbia tena, kama anakula."

Nililia pale, Feza. Nesi akafikiri ni goti.

Sasa sikia, na kila mama anayesoma hii asikie pia, wa Nchelenge na wa Pweto, hata kama hakimbii ila nyuma ya batoto. Mimi sasa nakula kabla: ndizi mbili, au kiazi, na chai ya sukari, halafu nangoja tumbo litulie. Si bukari, bukari ukikimbia nayo inapiga teke. Nikienda mbali nabeba maji yenye sukari na chumvi kidogo kwenye chupa. Nikirudi nakula ya kweli, bukari na chisense na sombe, majani ya muhogo yenye kalanga, nakula mpaka sahani inaniogopa. Na nitajivuna kidogo, niruhusu: sasa ninapita kanisa la bluu. Ninapita mpaka ile shule yenye ukuta wa njano. Tungeweza kufika huko pamoja tangu zamani. Hatukukosa miguu.

Mama mukwe, najua wewe pia utasomewa. Mutoto wako hakukausha tumbo lake. Alikuwa na njaa, na mwenye kumunyima chakula ni mimi, si yeye. Ukiwa na matusi, nitumie mimi yote, nina nafasi kubwa. Yeye mupikie. Na bwana yako, Feza, aliyebeba ile ndoo mbele ya kijiji kizima, asione aibu. Nilimucheka siku ile. Nilikuwa mujinga.

Sikuombi urudi Kashikishi. Sikuombi hata unisamehe haraka, mimi ningekuwa wewe ningekaa na hasira mpaka ziwa lifungwe tena. Naomba uende kwa nesi, na naomba ule asubuhi, hata kama hapo nyumbani wanakutazama. Na siku utakapokuwa na nguvu, miguu ikaanza kukuwasha, toka ukimbie kwenye muchanga wa huko. Tafuta mama mwingine wa kukufunga kifua. Nitaona wivu, lakini mutafute.

Na damu ikirudi, usiniandikie. Najua wewe si mutu wa kutangaza mambo yako, na umeona nilivyoyatangaza mimi. Mwambie tu yeyote anayevuka huku: "Mwambie yaya nimekula." Asijue anabeba nini. Atanikuta kwenye samaki, na mbele ya batu wote nitamujibu, "Vizuri," halafu nitanyamaza.

Ni mimi, ng'ambo hii,

Yaya yako,
Mado