Vijineno vya Kiingereza Ulivyotuachia

Mama,

Simu yako bado naichaji. Sijui kwa nini. Nikitoka kazini jioni naichomeka ukutani, pale pale ulipokuwa ukiichomeka, na asubuhi naichomoa. Jumamosi ya kwanza baada ya kukuzika ililia mara moja ikanyamaza. Kisha ikalia tena mara moja, namba nyingine. Nilikuwa nakata sukuma wiki. Nilisimama na kisu mkononi nikaitazama mpaka simu zote zikaisha.

Ni wanafunzi wako, wale wasichana wa kazi za nyumbani. Uliwazoesha kukuflashi mara moja kila Jumamosi, ujue wamepewa ofu kazini na kesho watakuja darasani. Walikuja kaburini wote, Mama, kila mmoja alitupa udongo wake. Wanajua. Na bado waliflashi.

Hapa mtaani Satellite hakuna lililobadilika. Mama Kevo wa mlango wa pili aliniletea githeri kila siku, sufuria ile ile, mpaka nikamwambia nimeanza kupika. Nimerudi kazini Kilimani, kwa yule daktari wa meno. Napokea simu, naandika majina, nawaambia watu wakae wangoje. Sijalia. Shangazi akija ananichungulia usoni kama mtu anayengoja maji yachemke. Ninavyojisikia ni kama ile sindano ya ganzi wanayodungwa wagonjwa wetu. Unajua mdomo upo, unaugusa kwa kidole, lakini ni kama wa mtu mwingine.

Mzee Njoroge wa kanisa alinishika mkono nje ya ibada. "Pole sana, Shiru. Lakini nikuambie mapema, kwaya ya vijana wanakitaka kile chumba cha darasa la mama yako. Kama darasa halina mwalimu mwezi ukiisha, tutawapa." Nikamjibu sawa. Siku hizi kila kitu nakijibu sawa.

Nilikuwa nawaza vile ulivyoanza. Wewe Kiingereza ulikipata jikoni kwa Wazungu kule Karen, si darasani. Shuleni walikufundisha kwamba "put" ni kuweka, wakaishia hapo. Kisha siku ya kwanza kazini yule mama Mwingereza akakuambia "put out the fire", nawe ukajua "out" ni nje. Ukayachota makaa kwa koleo, ukayapeleka nje, ukayaweka vizuri kwenye nyasi zake. Kumbe alitaka uuzime moto! Kila ulipoisimulia hiyo ulicheka mpaka ukashika ubavu, na wale wasichana wapya waliokuja darasani wakiogopa walianza kuketi vizuri.

Nakumbuka na ile ya leso. Ulisema kitenzi chetu ni mama aliyebeba mtoto mgongoni: piga, pigia, pigana, pigisha, mtoto amefungwa huko nyuma, hawezi kuanguka. Mzungu yeye kitenzi chake kinamshika mtoto mkono. Leo kinatembea na "up", kesho na "off", keshokutwa na "after", na kila mtoto ana tabia yake. "Ukimwona 'look' njiani," ulikuwa ukisema, "usimsalimie kabla hujaona yuko na nani." "Look for" anatafuta. "Look after" anatunza. "Look down on", huyo mkimbie, anakudharau.

Na Nasimiyu, yule wa Webuye, kwa ubishi wake: "Mwalimu, mimi nasema 'off the light' na taa inazima. Si imeskia?" Ukamjibu, "Imeskia kwa sababu ni taa ya Nairobi. Imetuzoea."

Jumapili ya kwanza sikwenda darasani. Ya pili nilikwenda, lakini nilikuwa nampelekea Mzee Njoroge ufunguo wa chumba. Nikawakuta wanafunzi wako wamekaa nje, kwenye lile benchi la ukutani, na nguo zao za kanisa.

"Sasa Shiru. Umechelewa. Fungua," Nasimiyu akasema.

Nikamwambia nimekuja kurudisha ufunguo. Wengine wakaangalia viatu.

"Rudisha tu. Lakini fungua kwanza, maneno yanatuozea."

Ile sheria yako hawajaiacha, Mama. Kila mmoja aje na neno alilolisikia kazini wiki hiyo, asiliandike, asiliseme, alicheze kwa mikono na mwili mpaka wenzake walitambue, na Kiswahili kisiguswe kabla wote hawajaona. Walikuwa wamekuja na ya wiki hiyo na ya wiki niliyowafungia. Nikafungua. Benchi waliliingiza ndani kwa sababu viti havikutosha, na kiti chako hakuna aliyekikalia.

Ruth wa Kilimani akaukung'uta mkebe wa sukari usio na kitu, akachungulia ndani, akaugeuza juu chini. "Run out!" wakapiga kelele. Mwingine akafungua mikono kama anayepokea mtoto aliyeshuka kwenye gari la shule, wakabishana kama ni "pick up" au "drop off", mpaka wakakubaliana kwamba inategemea ni asubuhi au jioni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, ufunguo mkononi.

Kisha Nasimiyu akanigeukia. "Na wewe? Wiki mbili hujaleta kitu."

Nilikuwa nalo. Daktari alikuwa ameniambia siku niliporudi kazini, kwa upole kabisa, "You'll get over it." Maana naijua, nimefika kidato cha nne, ni kwamba hili nalo litapita na nitakuwa mzima tena. Lakini sheria ni sheria. Nikalisogelea benchi ili nilivuke, kama "over" inavyosema. Nikainua mguu mmoja, ukafika upande wa pili. Wa pili ukakataa kufuata. Sketi imebana, nimebaki nimelipanda benchi kama punda.

"Get on!"

"Fall off!"

"Stuck!" Ruth akasema, wakacheka. Hata mimi nilijua inachekesha.

Nasimiyu hakucheka. "Hiyo naijua. Bosi aliniambia hivyo hivyo baba alipokufa." Akaja polepole. "Lakini Shiru, nani amekwambia uvuke leo? Kaa hapo."

Nikakaa, mguu huku na mguu huku. Yeye akakaa nyuma yangu, Ruth akaja mbele. Hawakusema pole. Sikulia, Mama, nisikudanganye. Lakini nilisikia ubao ulivyo baridi. Ni kitu cha kwanza nilichokisikia tangu ulipotuacha kule hospitali.

Baadaye Nasimiyu akaniambia shida yake. Bosi wake anahama nchi, na Jumatatu yeye alikuwa aanze majaribio ya kazi Karen, kwa mama anayeshinda ofisini na kutoa maagizo yote kwa simu. Akifeli atarudi Webuye, na hataki. "Kwa simu hakuna mikono, Shiru. Nani atanionyesha?"

Hilo hukuwahi kulifundisha. Nilifikiri, halafu nikafanya kitu ambacho sijui ungekikubali. Nilimgeuza uso kwa ukuta, nikasimama nyuma yake, nikaongea kama wale wanaonipigia kazini, haraka na kwa pua. "Take the meat out. Put the dog out. Turn the heat down before you pick up the baby." Asubiri nimalize, kisha afanye. Mara ya kwanza alimtoa mtoto nje na kumbeba mbwa. Wakamzomea. Akarudi ukutani mwenyewe. Tulirudia mpaka mbwa akatoka na mtoto akabebwa, na kila mmoja akataka zamu yake kwenye ukuta.

Jumatatu alienda. Bado yuko kwenye majaribio, sijui yataishaje. Naye hajui.

Jumapili hii iliyopita nilikwenda ofisini kwa Mzee Njoroge. Nikamwambia kwaya watafute kwingine, darasa lina mwalimu. Akavua miwani. "Mwalimu gani?" Nikafungua mdomo kulitaja jina lako, kwa mazoea. Likatoka langu.

Basi, Mama, nikuache upumzike. Umesimama mbele ya watu miaka mingi na miguu yako imevimba. Sasa ni zamu ya yangu. Nakuahidi kila Jumapili saa nane mlango utakuwa wazi. Neno nisilolijua nitasema silijui, na wiki nzima tutaliulizia, mimi na wao. Lala salama.

Mtoto wako,
Shiru