Kiti cha Mwenyewe

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, zikukute mzima, na kile kikohozi kiwe kimekuacha. Mimi sijambo. Baba anakula vizuri. Hayo mengine ndiyo yaliyonikalisha kukuandikia, maana kwenye simu nimeshindwa.

Unajua kampuni yetu ya filamu, ninakotunza vifaa, ilikuwa inatafuta kiti cha zamani. Nikawaazima kile cha Baba cha mikono mipana, kilichochakaa pale anapoegemeza kiwiko. Kumbe hawakukitaka kiwe pambo. Ndicho kilichokuwa mhusika mkuu. Katika hadithi yao, mwenye kiti anatoka asubuhi, harudi, na kiti kinabaki kinamngoja. Waigizaji wakawa wanatania kwamba nyota wetu hali, hanywi, wala hasahau maneno yake. Nilimuuliza mwongozaji kiti kitaigizaje. Akanijibu kwamba kazi hiyo si ya kiti: tukionyesha kiti, kisha mlango, kisha kiti tena, mtazamaji mwenyewe atasema kinangoja. Kamera wakaishusha usawa wa kiti, watu wakawa miguu na mikono tu inayopita. Siku tulipopiga tukio la wageni kukirundikia makoti, fundi wa taa alifuta machozi, mtu mzima na ndevu zake!

Filamu ilipokamilika nikamwekea Baba aitazame sebuleni. Nilitaka acheke akikiona kiti chake. Unakumbuka mpaka wakati huo alikuwa anasahau funguo na majina ya majirani, basi. Alitazama ameinama mbele mpaka mwisho, kisha akauliza kwa huruma mwenye kiti amepatwa na nini. Nikamwambia, "Baba, si chako hicho?" Akaniangalia kama mtu aliyesingiziwa jambo.

Tangu hapo hakikalii. Kiti kipo palepale dirishani, yeye anakaa kwenye stuli ya jikoni na mgongo unamuuma. Nikimshika mkono nimpeleke, anakataa kwa adabu kabisa, anasema cha mwenyewe hakikaliwi. Nilikificha stoo, akahangaika nyumba nzima, akihofu mwenyewe akirudi atakosa pa kukaa. Nikakirudisha. Daktari ameniambia nisimbishie. Sawa, simbishii. Kisha nifanye nini?

Lililonishinda kukuambia ni hili. Jumapili nilimuuliza huyo mwenye kiti ni nani. Alifurahi sana kuulizwa. Akasema ni bwana mmoja mpole, ana binti anayefanya kazi kwenye filamu na kijana wake wa kiume yuko mbali, na anawapenda kupita kiasi. Akaniomba, kama nawafahamu hao watoto, niwaambie wasichoke kumtafuta baba yao. Nilikuwa nimemshikia kikombe cha chai. Nikaitikia kwamba nitawaambia.

Basi, mdogo wangu, nimekuambia. Majirani wote wanakusalimu. Ukipata nafasi njoo, ingawa sijui atakupokea kama nani.

Ni mimi nikupendaye,
Dada yako