Nilimtania Elieth Kileleni

Shikamoo Mama Mwajabu. Mpendwa mshauri, naomba unisaidie upesi, kwa sababu Ijumaa hii rafiki yangu anapelekwa Dar es Salaam kupasuliwa moyo naye hataki kabisa kuniona, na kosa ni langu, ni la mdomo wangu.

Mimi ni Mgogo wa Mkonze, nina miaka arobaini na mmoja, nafanya kazi masjala katika ofisi moja ya umma hapa Dodoma, na rafiki yangu anaitwa Elieth, Mhehe wa Iringa, alikuja serikali ilipohamia huku akapewa meza inayotazamana na yangu, na siku ya kwanza nilimuuliza kabila lake, aliponitajia nikamwambia basi umekwisha, wewe ni mtani wangu. Babu zetu walipigana sana, sisi tumebaki kutaniana. Tangu siku hiyo hatujawahi kuitana majina, mimi kwake ni "wewe Mgogo" na yeye kwangu ni "wewe Mhehe", akinikuta nakula ugali wa uwele na mlenda ananiuliza kama mbuzi wetu wote wamekufa kwa ukame, nami nikimwona anajipepea kwa jalada namwambia arudi kwao kwenye baridi kabla hajayeyuka. Lakini mama, mwanangu alipolazwa, Elieth ndiye aliyekaa naye wodini siku nne nikiwa nimesafiri kwa msiba, na aliporudi kazini hakusema neno zaidi ya kwamba mtoto wa Kigogo anakoroma kuliko trekta.

Sasa mwezi wa saba huu aliniambia anataka tupande ule mlima wa mawe ulio nyuma ya shamba la baba yangu, eti ameishi Dodoma miaka yote hii na hajawahi kuiona yote kwa mara moja, nikashangaa maana si mtu wa kutembea, ila nikafurahi, nikachemsha karanga, tukaondoka Jumamosi asubuhi kukiwa na upepo mkali na baridi. Njiani alikaa chini mara saba, nilihesabu kwa sababu kila alipokaa nilimcheka, nikamwambia mtu mzima umezaliwa milimani unashindwa na kichuguu cha Wagogo, ndugu zako wakisikia watakukana. Alikuwa anacheka huku ameshika kifua, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi kama ya majivu, nikadhani ni baridi.

Tulifika kileleni karibu saa sita. Tulikaa juu ya jiwe tukala karanga, tukaiona mizabibu, tukaona mabati ya mji mzima yanavyong'aa na treni ikipita chini ikiwa ndogo kama jongoo, Elieth akatazama kwa muda mrefu, halafu akaniambia, "Wewe Mgogo, siku yangu ikifika, wewe ndiye uje kunitania. Usimwachie mtu mwingine. Vaa sweta langu la ofisini, uigize ninavyotembea, watu wacheke." Nami nikajibu kama tunavyojibizana siku zote, nikamwambia nitasimama mbele ya kaburi nizuie mazishi mpaka ndugu zako wanipe jogoo, na hotuba yangu itaanza kwa kusema marehemu alishindwa na kichuguu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaniuliza polepole, "Lakini utakuja kweli?" Nikamjibu, "Nyinyi si mnasema sisi ni ombaomba? Nichangieni nauli kwanza." Akainuka, akakung'uta maganda ya karanga. Tulishuka karibu bila kuongea, nikadhani amechoka.

Jumatatu hakuja kazini. Jumatano mdogo wake Gaudence akanipigia simu kunieleza kwamba mlango mmoja wa moyo wa dada yake haufungi sawasawa, na Elieth mwenyewe amelijua hilo tangu mwezi wa pili, na daktari alimkataza kupanda hata ngazi. Mama Mwajabu, nilikaa chini pale pale kwenye sakafu ya masjala.

Nimeshakwenda kwake Makole mara tatu. Mara ya kwanza nilipeleka uji, nikamwita dada Elieth, nikamwambia pole sana dada, nikaomba naye, akanitazama tu. Mara ya pili nilipeleka supu ya kuku, nikaongea kwa sauti ya chini nisimshtue, akageukia ukuta. Mara ya tatu akasema, "Penina, nenda nyumbani," na ilikuwa mara ya kwanza kunitaja kwa jina. Kazini wananiambia nimemchuria, mtu haongelei jeneza na mgonjwa, na mama yangu naye anasema utani wa msiba hauchezwi na mtu aliye hai. Sijalala vizuri wiki ya pili hii. Je, nikapige magoti kumwomba msamaha, au nikae mbali nisimwongezee nuksi? Majina yetu usiyafiche, yeye husoma ukurasa wako kila Jumanne.

Penina, Mkonze

*

Marahaba, Penina. Pole, mwanangu. Sasa kaa vizuri nikugombeze, maana leo ni Jumanne na siku zako ni chache.

Kwanza lile la mlima. Mimi umenieleza kwamba mwenzako alikaa chini mara saba na midomo ikageuka rangi. Gaudence je, umemwambia? Sijaona mahali uliposema. Ukishaliweka gazeti hili chini mpigie simu, mweleze kila kitu ulichokiona, naye amweleze daktari kabla ya safari. Mkigombezwa, mgombezwe.

La pili, uchuro. Moyo wa Elieth ulianza kuugua kabla ya mwezi wa pili, wewe umefungua mdomo mwezi wa saba. Uchuro gani huo unaochelewa hivyo? Waambie wenzako wa masjala warudi kwenye majalada yao. Mama yako msalimie kwa heshima, na umwambie kwamba aliyeanza mazungumzo ya msiba ni mgonjwa mwenyewe.

Unadhani Elieth amekukasirikia kwa sababu ulimtania. Hebu soma barua yako tena. Ulipozungumzia jogoo na kaburi, alicheka mpaka akashika mbavu. Aligeukia ukuta ulipoanza kumnong'oneza. Mwenzako amebeba siri hiyo miezi mitano, na sasa kila anayeingia chumbani kwake anaingia kwa kunyata. Mahali pekee alipobaki mzima ni mdomoni mwako, ndiyo maana akamkaidi daktari akapanda mawe yale, na kwa hilo yeye naye nitamgombeza akipona. Halafu wewe unamjia na uji na sura ya matanga. Hata ningekuwa mimi ningekufukuza. Mtani wako akianza kukufanyia adabu, unajua ameshakuzika.

Lakini sikuachii lile la nauli. Hapo ulikosea kweli, na najua linakuuma kwa sababu hata mimi limeniuma nikisoma. Mtu akikuuliza mara ya pili, tena polepole, utani unakaa pembeni kwanza. Watani wa zamani walijua hivyo. Walicheza mbele ya wafiwa na kudai jogoo, na hao hao ndio waliokuwa wa kwanza kushika jembe kuchimba kaburi. Wewe jogoo ulimtaja. Jembe hukulitaja.

Kwa hiyo nenda leo. Uji uache nyumbani. Magoti pia yaache, atadhani umekuja kumpaka mafuta ya mwisho. Ingia na sauti yako ile ile, mwite Mhehe, na kabla ya mzaha wowote mjibu swali lake, kwa maneno machache, ukimtazama usoni. Baada ya hapo mtukane unavyojua. Na kesho asubuhi omba ruhusa kazini, Ijumaa upande naye treni hadi Dar, ukae mlangoni mwa chumba cha upasuaji kama alivyokaa kwa mwanao. Aliuliza kama utakuja akifa. Mwonyeshe kwamba unakuja akiwa hai. Na nauli, tafadhali, usimwombe mtu.

Nawe Elieth, mwanangu, kama umeusoma ukurasa huu kabla Mgogo wako hajafika, amka umfungie mlango. Watani huzuia njia mpaka walipwe, na wewe unamdai jibu moja. Usimfungulie mpaka alitoe kwa sauti, majirani wote wa Makole wasikie.