Mkono wa kukaba

Jumapili usiku

Basi gitaa limebaki kwangu. Naandika hilo kwanza, mengine yatafuata.

Juma lililopita Mama Esperance, kiongozi wa korali yetu, alinionya mbele ya wote: "Papa Jules, ukiharibisha tena wimbo wa matoleo, gitaa utaachia mwingine."

Alikuwa na haki. Mimi nilijifunza peke yangu, kwenye gitaa la kujitengenezea lenye nyuzi za waya wa breki. Waya ule usipoukaba hausemi. Nikauleta mkono huo wa kukaba kwenye gitaa la kweli la parokia, na kila sauti ikawa inapanda juu kidogo. Wamama wa soprano, watu watiifu, wakapanda nayo.

Juma zima nimecheza polepole. Nagusa uzi mpaka unung'unike, naongeza nguvu kidogo, sauti ikitoka safi nasimama hapo. Jirani akaniuliza kupitia ukuta wa mbao, "Muzee, ule wimbo uko mugonjwa?"

"Unapona," nikamjibu. Kusema kweli, niliogopa.

Leo kwenye misa, wimbo wa matoleo ulipofika, vidole vilitaka kukaba tena, kwa woga. Nikalegeza dole gumba, nikapumua, nikagusa tu. Lo! Soprano wakatulia mahali pao, na watu wakapeleka matoleo wakicheza, hata wale ambao kwa kawaida hutembea tu.

Baada ya misa Mama Esperance akanijia, uso mkavu. "Nimetafuta kosa, Papa Jules. Sikulipata."

"Pole sana, Mama," nikamwambia.